Chai Bila Maziwa: Sukari na Afya ya Mwili Turkana Kusini

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Lokichar, Kaunti ya Turkana



Nimeombwa nizungumzie sukari. Hotuba ya sukari mnaijua, maana redio huirudia kila Novemba, Siku ya Kisukari Duniani inapokaribia: sukari ni sumu, punguzeni sukari, fanyeni mazoezi. Hotuba hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu wa Nairobi anayeshinda kwenye kiti na kurudi nyumbani kwa gari. Kumwambia mchunga ngamia afanye mazoezi ni mzaha. Na hata hapa mjini, hotuba hiyo ikiingia katika boma moja tu inakuta watu wawili: mtoto ambaye mkono wake umekonda hadi utepe wa zahanati umesoma rangi nyekundu, chini ya sentimita 11.5, na mjomba wake mwenye duka kando ya barabara ya Kitale, ambaye amekwisha kuambiwa sukari yake ya damu imepanda. Wote wawili wanakunywa chai ya sufuria moja. Mama akiambiwa aache sukari, mtoto atakula nini jioni hii? Akiambiwa aiongeze, mjomba je?

Niseme mapema ninachoamini, ili mwenye haraka aondoke nacho. Shida ya sukari katika sehemu hii ilianza siku maziwa yalipopungua kwenye sufuria. Sukari ilikuwapo muda mrefu kabla ya hapo, na ilikuwa haijamdhuru mtu.

Ushahidi wa jambo hili upo, na ulikusanywa hapa hapa. Mapema miaka ya 1980 watafiti wa Mradi wa Ikolojia ya Turkana Kusini walikaa na Wangisonyoka, watu wa nchi hii ya Lokichar na Lokori, wakipima ngamia amekamuliwa kiasi gani, nani amekunywa nini na kimebaki nini. Mwaka 1985 Michael Coughenour na wenzake walichapisha hesabu hiyo katika jarida la Science. Kama robo tatu ya nguvu yote iliyoingia mwilini mwa watu ilitoka moja kwa moja kwa mifugo: maziwa, nyama, damu. Sehemu nyingine ilitokana na kubadilishana mifugo na vyakula vya dukani. Kathleen Galvin, aliyeshughulikia lishe katika mradi huo, alionyesha jinsi mlo ulivyofuata majira: mvua ikinyesha watu wanaishi kwa maziwa, kiangazi kikikaza wanategemea zaidi damu, nyama na vitu vya kununua, mahindi na sukari vikiwamo. Kwa hiyo asije mtu akatuambia sukari imeletwa na visima vya mafuta vya Ngamia. Mafuta yaligunduliwa Machi 2012. Bibi zenu walikuwa wanabadilisha mbuzi kwa sukari wakati huo wahandisi wa mafuta hawajazaliwa.

Utamu wenyewe ni wa zamani zaidi. Matunda ya edome, ya ekalale na ya esekon, maganda ya eng'ol yanayotafunwa mpaka taya zichoke, asali ya porini. Lakini utamu huo ulikuja kwa msimu na ulidai jasho. Hakuna aliyewahi kula edome mwaka mzima.

Halafu kuna sukari ambayo watu wa hapa wameinywa kila siku kwa maelfu ya miaka, nayo haitajwi kamwe kwenye hotuba za redio. Ni sukari ya maziwa, laktosi. Lita moja ya maziwa ina gramu arobaini na kitu za laktosi, zaidi ya sukari iliyomo kwenye chupa ya soda ya mililita 300, ambayo ni gramu thelathini hivi. Watu wengi duniani wakifika utu uzima tumbo lao haliwezi tena kuivunja. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaiweza. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba badiliko la jeni linalowawezesha wafugaji wa Kenya na Tanzania lilizuka kivyake, tofauti kabisa na lile la Wazungu. Basi ikiwa sukari peke yake ndiyo sumu, mfugaji anayekunywa lita mbili za maziwa angekuwa mgonjwa wa kwanza kupangwa kwenye foleni ya kliniki ya kisukari Lodwar. Mbona hayupo?

Hapo inabidi tuingie mwilini. Sukari ya dukani, nyeupe au ya kahawia, ni sukrosi, yaani glukosi na fruktosi zilizoungana. Ikifika kwenye utumbo mwembamba hutenganishwa. Glukosi huingia kwenye damu, kongosho hutoa insulini, na insulini huziamuru seli za misuli na za mafuta ziipokee. Anayetembea kutwa nyuma ya mbuzi hahitaji insulini nyingi, kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta glukosi wenyewe. Fruktosi kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini. Ikiwa kidogo haisumbui. Ikizidi, na mwili tayari una nguvu za kutosha, ini huigeuza kuwa mafuta. Mengine huingia kwenye damu, mengine hubaki ndani ya ini lenyewe. Ini lililojaa mafuta huwa halitii insulini vizuri. Kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, miaka inapita, nalo linachoka. Ndipo kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinaposoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na daktari anasema neno lile.

Laktosi haina fruktosi. Zaidi ya hapo, haiji peke yake. Inakuja na protini, na mafuta, na kalisiamu, tena maziwa ya ngamia yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, jambo lisilo dogo katika nchi isiyo na machungwa. Tumbo huyatoa maziwa polepole. Anayekunywa hushiba na kuacha. Sukari iliyoyeyushwa ndani ya maji ya moto yenye majani ya chai haina kizuizi hicho. Hupita kooni na njaa hubaki ikingoja mlangoni.

Wataalamu bado wanashindana kama sukari ina ubaya wake maalumu au ni nguvu iliyozidi tu, kama nguvu nyingine yoyote. Ugomvi huo ni mkongwe na haukuwa safi. John Yudkin wa London aliandika kitabu kizima dhidi ya sukari mwaka 1972, akabezwa na waliosema adui ni mafuta. Mwaka 2016 zilichapishwa nyaraka zilizoonyesha kwamba wafanyabiashara wa sukari wa Marekani waliwalipa watafiti wa Harvard miaka ya 1960 ili makala yao ya 1967 iyasukumie mafuta lawama za ugonjwa wa moyo. Huku Afrika Mashariki, watu wenye maziwa na mafuta ya wanyama mlo mzima walikuwa wanachunguzwa wakati huo huo. A. G. Shaper wa Makerere aliandika kuhusu Wasamburu mwaka 1962, George Mann akaandika kuhusu Wamasai mwaka 1964, na wote wawili walikuta lehemu ya chini katika damu na mioyo yenye afya. Miaka michache baadaye Shaper na wenzake waliwafuata vijana wa Kisamburu waliojiunga na jeshi la Kenya. Shinikizo lao la damu lilipanda wakiwa kambini, chakula kikiwa kimebadilika na chumvi ikiwa nyingi. Nalitaja hili makusudi, ili sukari isibebeshwe mizigo yote. Mjini tunapata sukari, chumvi, mafuta ya kukaangia na kiti cha kukalia, vyote kwa pamoja.

Utafiti wa karibu zaidi ni wenu. Mwaka 2020 Amanda Lea, Julien Ayroles na wenzao wa Kenya na Marekani walichapisha katika Science Advances vipimo vya zaidi ya Waturkana 1,200 watu wazima. Waliwagawa makundi matatu: wanaoishi kwa kufuata mifugo, walioacha mifugo lakini wamebaki vijijini, wakichoma mkaa, wakisuka vikapu, wakifanya biashara ndogondogo, na waliohamia mijini. Kama sukari na unga vingekuwa sumu moja kwa moja, kundi la pili lingeonyesha madhara, maana hao nao wanakula vya dukani. Hawakuonyesha. Afya yao ilikaribiana na ya wafugaji. Waliohamia mijini ndio waliokuwa na unene, shinikizo la damu na vipimo vibaya vya damu, na aliyezaliwa mjini alikuwa na hali mbaya kuliko aliyehamia akiwa mkubwa. Madhara hayapandi kidogo kidogo kadiri mtu anavyosogea mbali na ngamia wake. Kuna mahali yanaruka.

Septemba 2025 kundi hilo hilo la watafiti lilichapisha kazi nyingine katika Science, wakiwa wamesoma jinomu kamili za watu 367. Walikuta jeni iitwayo STC1 imechaguliwa kwa nguvu kwa maelfu ya miaka, tangu nchi hii ilipoanza kukauka. Jeni hiyo inaisaidia figo kutunza maji, na huenda pia inaikinga dhidi ya taka za nyama nyingi. Miili yenu imechongwa kwa ajili ya maji machache na maziwa mengi. Watafiti wanahofia kwamba kile kile kinachomfaa mtu jangwani kinaweza kumgeukia akiwa mjini, na wanaendelea kulichunguza hilo. Kwa hesabu yangu, Lokichar ndipo litakapojulikana kwanza, kwa sababu hapa jangwa na mji vimetenganishwa na mwendo wa dakika kumi za pikipiki.

Sasa tuje dukani. Mama anaingia na shilingi ishirini. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 160, lita ya maziwa ni 100, kilo ya unga wa mahindi ni 80. Mwenye duka anachota kwa kikombe cha plastiki kutoka kwenye gunia, anamimina kwenye karatasi, anaikunja pembe. Kwa ishirini zake mama amepata gramu 125 za sukari, kilokalori mia tano hivi. Kwa ishirini hizo hizo angepata maziwa ya glasi moja ndogo, kilokalori mia na thelathini. Unga ungempa zaidi ya vyote, karibu mia tisa, ila unga unataka maji mengi, kuni nyingi na kitoweo cha kuuteremshia, na kuni kwa familia nyingi kati ya hapa na Kakuma ni bidhaa ya kuuza. Tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, Waturkana wamekuwa wakipeleka kuni na mkaa kwa wakimbizi na kurudi na mahindi na mafuta ya kupikia. Huwezi kuchoma kuni ambazo ndizo mlo wako. Chai inachemka upesi, inatosha watu wengi, na inanyamazisha watoto.

Mwanamke huyo hana ujinga wowote. Amepiga hesabu sahihi kwa fedha aliyo nayo. Mwaka 2023, serikali ilipofunga viwanda vya sukari kwa muda kwa sababu ya miwa michanga na kilo ikavuka shilingi 200, ndipo ilipoonekana wazi kwamba kwa nyumba nyingi hapa sukari ni chakula na si kiungo. Lakini hesabu ya nguvu haionyeshi protini. Glasi ile ndogo ya maziwa ina gramu sita za protini. Gramu 125 za sukari zina sifuri. Mtoto anayekuzwa kwa turungi, yaani chai bila maziwa, anapata nguvu ya kulia, hapati cha kujengea mwili. Katika ukame wa 2017 vipimo vya utapiamlo wa watoto hapa Turkana Kusini vilivuka asilimia 30, wakati Shirika la Afya Duniani huhesabu asilimia 15 kuwa tayari ni dharura. Watoto wale hawakukosa utamu. Walikosa maziwa, kwa sababu mifugo ilikuwa imekufa au imehamishwa mbali.

Na hapo hapo sukari inageuka dawa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akifika zahanati, jambo la kwanza linaloogopwa ni sukari ya damu kushuka, kwani inaweza kumuua kabla ya asubuhi. Mhudumu humpa maji ya sukari, kijiko kimoja cha chai kilichojaa katika vijiko vitatu vikubwa vya maji, kisha maziwa maalumu ya tiba, ambayo nayo yana sukari. Ile pakiti ya njugu anayopewa mama aende nayo nyumbani ina sukari pia, pamoja na maziwa ya unga na mafuta. Mwenye kuhara tunamtengenezea lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, maana glukosi ndiyo inayoivusha chumvi na maji kwenye ukuta wa utumbo. Nimesikia mtu aliyesoma akimkataza shangazi yake asimpe mtoto mwenye kuhara maji hayo kwa sababu sukari ni sumu. Hotuba iliyorudiwa bila kufikiri inaweza kuua.

Upande wa pili ni huu. Mwaka 2024 Tadeja Gracner na wenzake walitazama Waingereza waliozaliwa kabla na baada ya Septemba 1953, mwezi ambao mgao wa sukari wa wakati wa vita ulikomeshwa. Waliotungwa mimba na kulelewa hadi karibu umri wa miaka miwili chini ya mgao walipata kisukari cha ukubwani kwa kiwango cha chini kwa takribani asilimia 35 kuliko waliozaliwa sukari ikiwa huru. Siku elfu moja za mwanzo, zikihesabiwa kutoka tumboni, zinaandika mengi. Kuna pia somo la Uholanzi, njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945: watoto waliokuwa matumboni wakati ule walipozeeka, miili yao ilishindwa zaidi kuimudu glukosi kuliko ya wenzao. Yaunganisheni mambo haya mawili mpate mtoto wa hapa. Mama ana mimba mwaka wa ukame, mtoto anazaliwa mdogo, ananyonya na kuonjeshwa turungi tangu miezi mitatu, anasalimika, anapata kazi mjini akiwa na miaka ishirini, ananunua soda ya mililita 500 kila mchana. Njaa imemwandaa na mji umempokea. Huyo ndiye ninayemhofia kuliko mwenye duka mnene.

Kwa mtu mzima wa mjini, kipimo kipo na si kigumu. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, yaani gramu 50 hivi, na ikiwezekana iwe nusu yake. Laktosi ya maziwa haihesabiwi humo. Kikombe cha chai cha hapa chenye vijiko vinne kina gramu 16. Vikombe vitatu, umeshafika karibu na kikomo, na soda bado haijafunguliwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta zaidi ya Wakenya wanane kati ya kumi huongeza sukari mara nyingi au kila mara wanapoandaa vinywaji na chakula nyumbani, na idadi kama hiyo hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu hata mara moja. Tunaitia kwa kijiko na hatuipimi kwa damu.

Malori ya mafuta yalianza kuteremka kutoka hapa mwezi Juni 2018, na mradi ule umepanda na kushuka tangu wakati huo. Mishahara ilikuja, mingine ikaondoka. Vibanda vya soda na mandazi vilivyokuja na mishahara havikuondoka. Kwa mtu aliyezoea kununua maziwa ya ngamia na sasa ananunua soda baridi kwa sababu ndiyo yenye hadhi, sina huruma ya kumpa. Huyo hana ukame wa kuulaumu.

Nini kifanyike? Kaunti ikitaka kupambana na kisukari, ianze na maziwa. Maziwa ya ngamia yanayomwagika huko malishoni majira ya mvua kwa kukosa chombo safi na usafiri yakifika sokoni Lokichar kwa bei ya kununulika, yatapunguza sukari kwenye sufuria kuliko mabango mia. Chanjo ya mifugo, maji ya mifugo na amani malishoni ni mambo ya afya ya binadamu, na yaandikwe katika bajeti ya afya bila aibu. Misaada inayotolewa kwa simu, kama Bamba Chakula ya Kakuma iliyoanza 2015, inampa mtu uhuru wa kuchagua, ila uhuru huo hauna maana ikiwa dukani kuna sukari na hakuna maziwa.

Na nyinyi mliokaa hapa. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba mwaka 2023 wana mashine ya kupima sukari na ya shinikizo la damu. Aliyefika miaka arobaini, hasa anayefanya kazi ya kukaa, apimwe wiki hii asubuhi kabla ya chai. Mama mjamzito apewe maziwa ya kwanza ya nyumba, kabla ya mgeni na kabla ya mzee. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu, na wa chini ya miaka miwili asipewe turungi kuwa mlo. Nyumba isiyo na maziwa kabisa isingoje mkono wa mtoto ukonde, imlete zahanati leo.

Maswali tuyaanze kwa akina mama.